Mgongo wa Mashine Uko Chumbani kwa Mkwe

Tanga, 6 Februari 1956

Mama,

Shikamoo. Naandika nimeinamisha kichwa ingawa najua hunioni, maana barua hii inakwenda kwa mkwe. Huku Tanga sijambo, ila joto linatutafuna.

Juzi Efrazia aliniandikia kwamba mmeipokea posa yangu. Niliisoma ile barua dukani, mbele ya Fundi Hassani, nikaangusha redio ya mteja kwa furaha. Haikuvunjika. Ilianza kuimba, na ilikuwa kimya tangu kabla ya Krismasi, basi Fundi Hassani akasema kila redio ngumu tuisomee barua ya Efrazia.

Kisha nikageuza ukurasa. Kumbe kaka yako, Mjomba Timotheo, ameweka sharti. Anasema kazi ya redio hajaiona, kwamba ni kazi ya kukodolea nyaya macho na kukohoa. Anataka amplifaya ya marehemu mumeo, Baba Abrahamu, iimbe siku ya Pasaka, mbele ya wageni. Isipoimba, kapu la posa litarudishwa kwangu, na yule askari wa msitu wa Magamba, mwenye buti mbili na baiskeli, bado anaulizia habari za Efrazia.

Hapo nilicheka, Mama. Amplifaya ile naijua, na ugonjwa wake naujua. Ni kondensa zake tu, zimezeeka. Nikamwambia Fundi Hassani kwamba nitapanda basi Jumamosi moja, nifungue mgongo wa mashine, nibadilishe kondensa, nirudi na mke.

Akaniuliza, "Huo mgongo wake unaangalia wapi?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Marehemu aliijengea mashine ile ndani ya ukuta, uso wake uko sebuleni na mgongo wake uko chumbani kwako. Na mimi sasa ni mkwe. Chumba anacholala mama mkwe siingii, hata nyumba ikishika moto. Ningechelewesha posa kidogo tu, ningekuwa fundi kama fundi mwingine, ningeingia na viatu vyangu. Haraka imeniponza. Nifanyeje, Mama?

Mimi mkweo,
Sefania Shemtoi


Kwai, 13 Februari 1956

Mkwe,

Marahaba. Inua kichwa sasa, shingo itakuuma.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nakamua, na ng'ombe alishangaa nacheka nini. Ni kweli, umejifungia mlango mwenyewe. Lakini sikulaumu. Anayeposa kwa kuchelewachelewa namwogopa zaidi.

Sasa nisikilize. Ukuta hauvunjwi. Baba Efrazia alichoma matofali yale kwa mkono wake, mwaka ule bwana shamba alipoondoka akamwachia mashine, na aliijengea humo kwa kuogopa wezi na moshi wa jikoni. Utabaki ulivyo mpaka mnizike. Fundi mwingine pia simtaki. Mjane kama mimi nikionekana naingiza mwanamume chumbani na bisibisi yake, Kwai nzima watapata la kusimulia mpaka viazi vivunwe.

Kwa hiyo nitaitengeneza mimi. Usishtuke. Nimewahi kumgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni, mkono wangu umo ndani mpaka begani na mama yake anarusha mateke. Mashine haina mateke. Niandikie tu cha kufanya, nami nitafanya. Mkwe kumwelekeza mkwe kwa barua si vibaya. Nimemuuliza mzee wa kanisa, akafikiri sana, akasema hajui, na asiyejua hawezi kukataza.

Hali ya mgonjwa ni hii. Umeme tunauvuta bado kwa Bakari, kwenye dinamo ya mashine yake ya kusaga. Bakari akisaga, nikiwasha, taa za ndani zinawaka vizuri, lakini santuri haisikiki. Kuna mngurumo tu, mzito, mpaka vikombe vinatembea kabatini. Halafu inakuja harufu ya mshumaa.

Timotheo anasema huo mngurumo ni marehemu anaikataa posa. Nimemwambia marehemu hakuwahi kunguruma, aliyekuwa ananguruma ni yeye.

Yudith, Mama Efrazia


Tanga, 17 Februari 1956

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenitoa jasho, na si la joto.

Sina njia nyingine, basi nakubali, lakini nakuomba kwa heshima zote unisikilize kama unavyotaka Efrazia akusikilize. Harufu ya mshumaa ni nta. Kondensa za zamani ni karatasi na bati vilivyoviringishwa, vikafungwa kwa nta. Kazi yake ni kama lile bwawa dogo mnalochimba juu ya mfereji wa bustani: umeme unaingia ukirukaruka, unatulia humo, unatoka taratibu. Bwawa likipasuka, bustani yote inakuwa tope. Huo mngurumo ndio tope.

Katika kapu hili kuna chuma cha kulehemu, unakipasha kwenye makaa, na waya wa lehemu, na koleo ndogo. Kabla ya kugusa chochote, mwambie Bakari asimamishe mashine, uchomoe waya, kisha chukua bisibisi yenye mpini wa mbao uguse ncha zote mbili za kila kondensa kwa pamoja. Umeme hukaa ndani ya kondensa hata ukizima. Kondensa zako zimechoka hazishiki kitu, lakini tuzoee adabu hiyo tangu mwanzo.

Kata zile zenye nta zote, na zile mbili kubwa za bati, unitumie zilivyo. Kila moja imeandikwa ukubwa wake ubavuni. Nikiyaona maandishi hayo nitajua nikununulie zipi.

Mkweo,
Sefania


Kwai, 27 Februari 1956

Mkwe,

Marahaba. Kazi imefanyika. Bakari alisimamisha mashine, wenye mahindi wakalalamika, nikawaambia ni mambo ya ndoa, wakatulia. Nimekata zote, sikuungua ila mara mbili. Ndani ya mashine kulikuwa na vumbi la tangu Wajerumani, na panya alikuwa amezalia pale chini ya chuma kikubwa. Nimewahamishia stoo.

Nakutumia kondensa zako kapuni. Nisingeweza kumpelekea mkwe uchafu ule, zimejaa nta na masizi na kinyesi cha panya, watu wa Tanga wangesema umeposa nyumba gani. Nimezichemsha kwa maji ya majivu, nikazisugua kwa gunzi, nikazianika juani siku mbili. Sasa zinang'aa. Efrazia alisema nikuulize kwanza. Nimemwambia usafi hauombewi ruhusa.

Kapu halirudi tupu, kwa hiyo chini kuna viazi, na juu kuna plamu, ule zile laini kwanza.

Yudith, Mama Efrazia


Tanga, 2 Machi 1956

Mama,

Shikamoo. Kapu limefika salama. Plamu ni tamu mno, Fundi Hassani amekula nyingi kuliko mimi. Nimepokea pia kondensa. Sijapata kuona kondensa safi namna hii tangu nianze kazi, wala Fundi Hassani hajapata kuona, na yeye ameanza kazi kabla mimi sijazaliwa. Amewaita jirani waje kuzitazama.

Mama, nakuomba usiyachukue vibaya haya ninayoandika sasa. Nimeifuta barua hii mara tatu. Yale maandishi ya ubavuni, yaliyoonyesha ukubwa, yalikuwa juu ya ile nta.

Si kosa lako. Kosa ni langu niliyeandika "unitumie zilivyo" kwa mama anayejua adabu. Ni nani angetuma kitu kwa mkwe kilivyo?

Naomba kitu kimoja. Nichoree ndani ya mashine: kila kondensa uliyoikata, waya wake mmoja ulishika wapi na wa pili wapi. Chora unavyojua wewe. Pasaka iko karibu, na mimi sasa naota buti za yule askari.

Mkweo,
Sefania


Kwai, 8 Machi 1956

Sefania,

Hii ni mimi, Efrazia, mama hajui naandika. Usinijibu kwa anwani ya nyumbani.

Aliposoma barua yako aliketi jikoni akafunika uso kwa khanga. Nikadhani analia, nikamshika bega, kumbe anacheka mpaka anakosa pumzi. Kisha akakasirika, akasema utengenezaji gani huo unaotaka uchafu. Kisha akaenda kuchora. Amenipa mchoro niutume, nami nimeichomeka hii ndani yake. Usishangae, ameuchora kama mashamba ya Kwai: taa kubwa ni kwa Bakari, chuma kikubwa ni kanisa, na nyaya ni mifereji. Kila mfereji uko mahali pake, nimeukagua.

Tangu mumkabidhi chuma cha kulehemu hatuna mama. Ametoboa shuka la kitanda kwa moto. Amelehemu sufuria zote zilizovuja, na sasa anatafuta ambazo hazijavuja. Mimi hanigusishi kitu, anasema nitaharibu. Mnaandikiana kila wiki, kapu linapanda na kushuka, na kila barua ni "Mama" na "Mkwe". Umeposa mimi au umeposa kiwanda?

Sefania, nimalize mzaha. Mjomba alimleta yule askari wa msitu Jumapili iliyopita, eti anapita njia. Alikaa sebuleni, akaitazama spika, akasema kwao Magamba wana redio ya betri inayotosha. Mjomba alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimletea chai isiyo na sukari, akainywa yote akashukuru. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniogopesha. Angekuwa mbaya ningejua la kusema.

Mimi nakutaka wewe. Nimeandika wazi ili usije ukaniambia hukuelewa.

Efrazia


Tanga, 21 Machi 1956

Mama,

Shikamoo. Mchoro wako tumeubandika ukutani hapa dukani. Fundi Hassani aliufuata kwa kidole kutoka kwa Bakari mpaka kanisani, akasema mtu aliyeuchora huu apewe kazi. Kwa huo tumekisia ukubwa wa kila kondensa, na nadhani hatujakosea.

Kondensa mpya hizi hapa. Kila moja nimeifunga uzi wa rangi ya mfereji wake kama ulivyopaka wewe. Zile mbili kubwa zina uzi mwekundu upande mmoja. Uzi mwekundu uende upande wa kwa Bakari, tafadhali sana, zikigeuzwa hupasuka. Usizioshe.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi ya kabla ya Pasaka nitakuwa Kwai, nitakaa sebuleni mbele ya spika, wewe utakuwa nyuma, na ukuta wa Baba utakuwa kati yetu. Tusiitane kwa sauti, kupayukiana na mkwe aliyeko chumbani ni aibu kuliko kuingia. Chini ya spika kuna tundu la waya. Tutapitisha karatasi.

Mkweo,
Sefania


Sebuleni, Jumamosi, 31 Machi

Mama, shikamoo. Nimefika. Efrazia amenipa uji. Mjomba Timotheo ameketi mlangoni na amenikazia macho. Hali ikoje huko?


Chumbani

Marahaba mkwe. Zote ziko mahali pake, imebaki moja ya uzi wa kijani. Kwenye mchoro, kijani ni mfereji wa kwa jirani Hadija, lakini hapa naona mifereji miwili ya kwa Hadija. Ni upi?


Sebuleni

Ule ulio karibu na taa ndogo. Mjomba anauliza tunaandikiana nini. Nimemwambia ni kuhusu Hadija. Sasa amekunja uso zaidi.


Chumbani

Mwambie Hadija ni kondensa. Nimemaliza. Tumwite Bakari?


Sebuleni

Kwanza nihakikishie, nyuzi nyekundu zinaelekea kwa Bakari zote mbili?


Chumbani

Mkwe, unanidharau. Zinaelekea.


Sebuleni

Samahani Mama. Efrazia ameenda kumwita. Washa utakaposikia inasaga.

Mama, umewasha? Sisikii kitu.


Chumbani

Nimewasha. Taa zote zinawaka. Mimi pia sisikii kitu.


Sebuleni

Mama, hakuna mngurumo. Vikombe vimetulia. Unaelewa maana yake? Mngurumo umekwisha. Weka santuri, naomba, weka yoyote.


Chumbani

Leo ni Jumamosi Kuu. Bwana yuko kaburini, nyumba hii haipigi muziki mpaka kesho. Sharti la Timotheo ni Pasaka, nayo ni kesho. Nimezima, na Bakari mwambie apumzike, ana wageni. Umetulia?

Mkwe, nimesikia kishindo. Nini kimeanguka?


Sebuleni

Ni Mjomba. Alisema mashine iliyo kimya ni mbovu, akatoa kitambaa cha spika aone ndani mna nini, akashika waya. Nilimwambia asishike. Alinijibu kwamba imezimwa. Sasa yuko chini ya meza. Anapumua, maana ananitukana kwa Kishambaa.


Chumbani

Mpe maji. Kondensa ni nzima?


Sebuleni

Ni nzima kabisa, Mama. Mbovu zisingeweza kushika umeme namna hiyo.


Kwai, 31 Machi 1956, jioni

Kijana Sefania Shemtoi,

Mimi Timotheo, mjomba wa binti, naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado una ganzi. Nimewahi kufukuzwa na nguruwe mwitu, sikuaibishwa hivi. Mtu anayetega umeme sebuleni kwa wakwe hafai kulala kwetu, ndiyo maana nilikufukuza, wala hafai kuoa kwetu. Kapu lako la posa nimempa kondakta wa basi uliloondokea. Salamu kwa wazazi wako, hao sina ugomvi nao.

Timotheo


Tanga, 1 Aprili 1956

Mama,

Shikamoo. Leo ni Pasaka na natakiwa kufurahi. Kapu ninalo mbele yangu. Kondakta alinikabidhi Mombo, mbele ya abiria wote, akaniambia "pole" kwa sauti kubwa.

Sina la kujitetea. Mjomba angeweza kufa, na mimi ndiye niliyejua hatari ya waya ule. Nilipaswa kukaa kati yake na spika. Naomba umpe samahani yangu, na simwombi arudishe neno lake.

Nasikitika kwamba sijaisikia. Miezi miwili nimefikiri mashine moja tu, na nimeondoka haijatoa hata wimbo. Mwambie Efrazia kwamba nimeelewa alichoniandikia. Nilielewa tangu mara ya kwanza.

Sijui nimalizie vipi. Nikiandika "mkweo" nitakuwa nadanganya.

Sefania


Kwai, 2 Aprili 1956

Mkwe,

Marahaba, ingawa bado hujanisalimu, maana barua yako kama umeandika haijafika. Sikuijua habari ya kapu mpaka leo, Timotheo alilipeleka kimyakimya. Ningejua jana asubuhi, yule nguruwe wake wa mwitu angekuwa na nafuu.

Nikueleze Pasaka. Tulipotoka kanisani watu walijaa sebuleni, Bakari akafungulia dinamo bila mahindi, bure, sadaka yake, na yeye ni Mwislamu. Nikaingia chumbani, nikawasha, nikaweka ile santuri ya tarumbeta. Mkwe, sikujua kwamba nyuma ya mngurumo ule mlikuwa na tarumbeta ndogo za pembeni. Miaka yote nilisikia kubwa tu. Nilikaa kitandani nikalia, na nilikuwa na bisibisi mkononi. Baba Efrazia angeketi nami pale.

Timotheo alikuwa nje, hataki kuingia. Santuri ya pili akawa mlangoni. Ya tatu akawa ameketi, mbali na spika. Wageni walipoanza kukusifu, akasimama akasema mbele yao wote, "Aliyeitengeneza ni dada yangu kwa mikono yake. Kijana alikaa sebuleni anakunywa uji. Kazi yake bado sijaiona."

Na alisema kweli.

Ndipo Efrazia akasimama. Alisema kwamba ile Jumamosi, kabla hajaenda kumwita Bakari, nilipotoka kwenda zizini na Timotheo alipokwenda kujisaidia, mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Alikuambia, "Ingia, hakuna mtu, dakika chache tu uhakikishe zile nyekundu, kesho tukikosea nimekwisha." Alikusihi. Alikuvuta shati. Wewe ulishika kiti kwa mikono miwili ukamwambia, "Efrazia, nikikupata kwa kuingia humo, nitamwangaliaje mama yako maisha yangu yote hata kama simwangalii?"

Mkwe, sikujua. Ulikuwa karibu kunyang'anywa mke, na unachokihitaji kiko hatua chache, mlango wazi, hakuna shahidi. Nikamwambia Timotheo, "Kazi yake umeiona sasa. Redio mtu yeyote atajifunza, hata mimi nimejifunza. Hilo la kukaa kwenye kiti hukulifundisha wewe, wala sikulifundisha mimi."

Aliitazama sana mikono yake, akaomba ile ya tarumbeta irudiwe. Leo asubuhi amekuja mwenyewe kusema kapu lirudi, na kwamba atamtuma kondakta yule yule akalichukue, hata kama yeye Timotheo ataona haya. Ukilileta wewe mwenyewe itakuwa vizuri zaidi.

Njoo uchukue mke wako. Mimi sitakuja mlangoni kukupokea, unajua siwezi, na uso wako huenda nisiuone mpaka nizeeke. Nitakuwa chumbani. Nikisikia basi limesimama, nitawasha mashine, nifungue sauti yote, na huko barabarani utajua kwamba mama yako anakukaribisha.

Yudith, mkweo